Seli zangu, mwili wa mdogo wangu: niliyojifunza kuhusu GVHD na seli zinazotuliza kinga

Kama wewe ndo dada au kaka uliyetoa uloto ukampa ndugu yako, alafu baada ya miezi kadhaa ukaona ngozi yake inababuka, macho yamekauka, tumbo linaendesha, na nyumbani watu wameanza kuulizana chini chini "hivi huyu alitoa kwa moyo mmoja kweli?", basi haya nayaandika kwako kwanza. Wengine karibuni pia, maana Kanda ya Ziwa tuna wagonjwa wengi wa damu na hii habari itatufikia wengi zaidi ya tunavyodhani.

Mdogo wangu, wa kiume, ndo kitinda mimba kwetu. Alianza kwa kuishiwa nguvu, fizi zinatoka damu, malaria anatibiwa haiponi, mpaka tulipopanda kilima cha Bugando wakamchukua damu na baadae uloto wa mfupa wa nyonga wakasema ni lukemia, saratani ya damu. Safari ya matibabu, michango ya ukoo na ya kanisani, ndugu kuuza kiwanja, hayo nayaruka maana kila familia iliyopitia inayajua. Tukafika India, wakatupima ndugu wote kitu kinaitwa HLA, ambayo ni kama kitambulisho kilichopo juu ya seli, na uwezekano wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja kufanana kabisa ni mmoja kati ya wanne. Nikafanana mimi. Mama alipiga vigelegele kwenye simu.

Wakanichoma sindano siku kadhaa za kuamsha seli shina, zile zinazozaa damu, zitoke kwenye mifupa zije kwenye damu, mifupa ya kiuno iliuma sana sitaki kudanganya, alafu nikalazwa kwenye mashine damu inatoka mkono huu inachujwa inarudi mkono mwingine. Kile kifuko kilichotoka kina rangi ya ugoro mwekundu hivi. Akawekewa mdogo wangu jioni ile ile na sista akatuambia tuombe kwa dini zetu. Mwezi wa kwanza seli zangu zikashika. Damu yake ikabadilika hadi grupu ikawa yangu.

Sasa hapa ndo penyewe. Katika kile kifuko hazikuwemo seli shina tu. Zilikuwemo pia seli zangu za kinga zilizokomaa, zinaitwa seli T, na hizo kazi yake tangu nizaliwe ni kutambua kipi changu na kipi kigeni. Zikaingia kwenye mwili wa mtu mwingine. HLA tumefanana ndiyo, ila kuna protini nyingine ndogo ndogo nyingi ambazo ndugu hatufanani hata kama tumelala tumbo moja, na seli zangu zikaziona ni ngeni zikaanza kushambulia. Hiyo ndo GVHD, kipandikizi kinamshambulia aliyekipokea. Watu wengi wanajua mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, kama figo, hapa ni kinyume chake, kilichopandikizwa ndo kinaukataa mwili.

Na kuna jambo moja ambalo naona kila mwanamke anayetoa kwa kaka yake anatakiwa akalishwe chini aelezwe taratibu. Mi nilikuwa nimeshazaa, na nina watoto wa kiume. Mwanamke akibeba mimba ya mtoto wa kiume, seli zake za kinga zinakutana na protini zinazotokana na kromosomu Y, ambayo sisi wanawake hatuna, na baadhi ya seli zinazikariri. Kwaiyo seli za dada aliyezaa zikiingia kwa mwanaume, uwezekano wa GVHD sugu, yaani ile ya muda mrefu, unakuwa mkubwa kidogo kuliko zikitoka kwa kaka. Hii inajulikana miaka mingi. Haimaanishi usitoe, kwa sababu ndugu anayefanana HLA ni neema na mara nyingi hakuna mwingine, ila ujue. Sisi wakati wa kusaini makaratasi lilitajwa mbio mbio katikati ya mambo mengi, na kwa Kiingereza cha haraka. Pia njia ya kuchuja kwenye damu kama walivyonifanyia inabeba seli T nyingi zaidi kuliko kuvuta uloto moja kwa moja kwenye mfupa, na GVHD sugu inatokea zaidi kwa njia hiyo. Kila njia na faida zake, ila haya ni maswali ya kuuliza kabla.

Ilianza kidogo kule kule, viganja vikawa vyekundu na kuwasha, wakaituliza. Tukarudi Mwanza tunacheka. Ile kubwa ikaja baadae tukiwa nyumbani Igoma, yaani wakati tumeanza kuondoa barakoa na watu wameanza kuja kumsalimia. Mdomo ukawa na michirizi meupe na vidonda, hata sato wa kuchemsha aliyekamuliwa ndimu hawezi, pilipili ndo usiseme. Macho yakakauka, na vumbi la kule kwetu kipindi cha kiangazi mnalijua, anaamka kope zimegandana. Kisha ngozi ya mikono ikaanza kukaza, akikunja ngumi vidole havifiki. Bilirubini, kipimo cha ini, ikapanda. Mtu aliyepona saratani.

Ndo hapo maneno yakaanza. Shangazi akasema damu zao hazijapatana. Mwingine akakumbusha kwamba mimi na mdogo wangu tuliwahi kugombana juu ya nyumba ya marehemu baba, kwamba labda nilitoa nikiwa na kinyongo na kinyongo kimeenda na damu. Mama hakusema kitu ila akaacha kuniangalia usoni siku kadhaa, hiyo iliniuma kuliko zile sindano. Na mdogo wangu mwenyewe, usiku mmoja macho yanamchoma analia, akaniuliza, "dada, kwani seli zako zinanitaka nini?" Nikakosa jibu. Nikaamua nitalitafuta mpaka nilipate, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Nikaanza kumsumbua dokta wa kule India kwa video za WhatsApp, na huyo baba Mungu ambariki ana subira, na nikaanza kusoma. Kitu cha kwanza nilichokielewa ni kwa nini wasitoe tu seli T zote kwenye kile kifuko yaishe. Kumbe walijaribu, miaka ya 80 huko. GVHD ikapungua kweli, lakini lukemia ikawa inarudi kwa wengi zaidi na kipandikizi kingine hakishiki kabisa. Sababu yake ni kwamba zile zile seli T zinazobabua ngozi ndo zinazowinda mabaki ya seli za saratani zilizojificha. Watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha tangu 1979 kwamba wagonjwa wa lukemia waliopata GVHD saratani iliwarudia kidogo kuliko wasioipata. Hiyo Seattle ndo kwa kina E. Donnall Thomas aliyeanza kuwapandikiza binadamu uloto 1957 akapewa Nobel 1990. Kwaiyo seli zangu zilikuwa zinamlinda na kumuumiza kwa wakati mmoja. Nilipolielewa hili nililia, ila ni kilio cha kupumua.

Kitu cha pili ndo hiki kilichonifanya niandike yote haya. Katika seli T kuna kundi dogo ambalo kazi yake siyo kushambulia, kazi yake ni kuzituliza nyingine. Zinaitwa seli T dhibiti, wenyewe wanafupisha wanasema Tregi. Mjapani mmoja, Shimon Sakaguchi, ndo alizionyesha wazi 1995, wakati wanasayansi wengi walikuwa wameshaacha kuamini kwamba kitu kama hicho kipo. Alafu kule Marekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walikuwa wanahangaika na panya fulani, ukoo wa panya uliotokea kwenye maabara ya Oak Ridge miaka ya 40, madume yao yanazaliwa na ngozi ya magamba na yanakufa ndani ya wiki chache kwa sababu kinga yao inajila yenyewe. Wakatafuta kinasaba kilichoharibika, 2001 wakakipata wakakiita FOXP3, na wakaonyesha kwamba kuna watoto wa kiume wa kibinadamu wenye ugonjwa unaofanana na ule wa kinasaba hicho hicho. Baadae ikajulikana kwamba FOXP3 ndo inayozifanya Tregi kuwa Tregi. Tarehe 6 Oktoba 2025 wote watatu wakatangazwa washindi wa Nobel ya tiba. Siku ile nilikuwa Mwaloni Kirumba nafunga magunia ya dagaa, nikasikia kwenye redio ya jirani wanataja kinga ya mwili na Nobel, nikaacha kamba nikaenda kusimama karibu. Wenzangu walinishangaa nafuta machozi kwa ajili ya Mjapani.

Kikao cha ukoo kiliitishwa Usagara kwa baba mdogo. Mimi ndo ajenda, hakuna aliyesema hivyo ila nilijua. Baba mdogo ujana wake alikuwa sungusungu, zile za mwanzo kabisa usukumani miaka ya 80 walipokuwa wanakimbiza wezi wa ng'ombe usiku kwa filimbi na pinde. Nikapewa nafasi niseme. Nikamwuliza, baba, mkipeleka vijana wa sungusungu wa kijiji hiki wakalinde kijiji kingine ambacho hawamjui mtu, itakuwaje? Akasema watapiga watu, maana kila wanayemwona usiku ni mgeni. Nikasema je wakienda na wazee? Akanyamaza, akasema, wazee watawazuia, watasema huyu muacheni huyu ni mwenyeji, yule pale ndo mwizi. Nikasema basi baba, mwili wa mdogo wangu ndo hicho kijiji, vijana ni seli zangu, hawakutumwa na kinyongo, walifanya walichofundishwa kwangu, na wazee walioenda nao walikuwa wachache mno.

Kikao kizima kimya. Akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwa nini wazee wawe wachache? Na hilo jibu nilikuwa nalo kwa sababu nilishamuuliza dokta. Katika damu ya mtu mzima mzima wa afya, Tregi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya lile kundi la seli T wanaloliita CD4. Kwa watu wenye GVHD sugu mara nyingi zinakuwa pungufu zaidi. Na kuna jambo la kusikitisha, dawa kama siklosporini tunayotumia kuzuia GVHD inapunguza kemikali moja ya mwilini inaitwa intalukini-2, na Tregi haziwezi kuitengeneza zenyewe, zinaishi kwa kuitegemea ya wenzao. Kwaiyo dawa inawafunga vijana mikono na wakati huo huo inawanyima wazee chakula. Shangazi akasema "eeh". Baba mdogo akafunga kikao bila maazimio akaomba tule. Mama alinipakulia yeye mwenyewe.

Sasa tiba yenyewe, maana mtauliza. Wazo ni rahisi kulisema, kuchukua Tregi kwa mtoaji, kuzisafisha, saa ingine kuzizalisha maabara ziwe nyingi, alafu kumpa mgonjwa. Mara ya kwanza kwa binadamu ilitangazwa 2009 kutoka Gdańsk, Poland, wagonjwa wawili tu, mmoja wa GVHD sugu akapata nafuu akapunguziwa dawa, mwingine aliyekuwa na ile ya ghafla alipata nafuu ya muda akafariki. Nawataja wote wawili kwa makusudi, sipendi mtu asome hapa akadhani ni muujiza. 2011 wakatoka watu wa Minnesota waliotumia Tregi kutoka kwenye damu ya kitovu, na mwaka huo huo watu wa Perugia, Italia, wakafanya kitu cha ujasiri sana. Walichukua wagonjwa 28 wa saratani za damu ambao watoaji wao walifanana nusu tu, kama mzazi au ndugu aliyefanana nusu, wakawapa Tregi kwanza, siku nne kabla ya seli shina, kisha wakaleta seli shina pamoja na seli T za kawaida, na hawakutumia dawa za kushusha kinga baada ya hapo. Kipandikizi kilishika kwa 26, na katika hao wawili tu ndo walipata GVHD ya ghafla ya kiwango cha kutibiwa. Wapo waliofariki kwa maambukizi, na hilo lazima lisemwe, ila kwa GVHD peke yake ilikuwa habari kubwa.

Angalia walivyopanga. Wazee wametangulia. Wamekaa, wamezoea kijiji, ndo vijana wakaletwa. Kampuni moja ya Marekani, Orca Bio, inafuata wazo linalokaribiana na hilo, seli shina na Tregi zinatangulia, seli T za kawaida zinafuata baada ya siku mbili kwa kipimo maalumu. Kwenye jaribio lao la awamu ya tatu lililotangazwa 2025, wagonjwa 187 waligawanywa, waliopata njia hiyo mpya asilimia 78 walifika mwaka mmoja wakiwa hai bila GVHD sugu ya wastani au kali, na waliopandikizwa kwa njia ya kawaida asilimia 38. Niliisoma hiyo sentensi nikairudia. Mdogo wangu ni kama wale wengine, waliopandikizwa kwa njia ya kawaida na GVHD sugu ikawapata.

Nikampigia dokta. Nikamwambia dokta, si hizo Tregi ninazo, mimi ni mzima, nachukua likizo sokoni nakuja mnichukue tena, mzichambue mumpe. Alikaa kimya kidogo akaniambia, "dada, ukimpa damu yako bila kuchambuliwa utampelekea na wale wanaomuumiza." Kuzichambua kunataka mashine, kemikali zinazozishika kwa alama za juu ya seli, chumba safi kuliko cha upasuaji, na watu waliosomea hiyo kazi, na zikizidishwa maabara lazima zithibitishwe kwamba bado ni watulizaji na hazijageuka. Kwa mtu ambaye tayari anaumwa GVHD sugu, kumpa Tregi za mtoaji kumefanyika katika majaribio madogo madogo Ulaya na Marekani, wachache kila mahali, na siyo kitu cha kununua hospitali. Akanieleza pia njia nyingine ya kuzunguka, kumpa mgonjwa intalukini-2 kwa dozi ndogo sana ili kuzilisha Tregi alizonazo. Boston walijaribu, wakachapisha 2011, wagonjwa 29 ambao steroidi, dawa za kushusha kinga kama prednisoloni, hazikuwasaidia, na kati ya 23 walioweza kupimwa matokeo, 12 walipata nafuu ya sehemu, ngozi ikalainika, na Tregi zao zikapanda. Ila nayo bado haijawa dawa ya kawaida ya kliniki.

Kwaiyo mdogo wangu hakupata Tregi. Alipata prednisoloni, na iliposhindwa kumshusha vizuri akaongezewa ruksolitinibu, ambayo Marekani waliiidhinisha 2021 kwa GVHD sugu iliyokataa matibabu ya mwanzo. Ukoo ulichanga tena, na safari hii shangazi ndo alikuwa mweka hazina.

Niseme ya nyumbani sasa, maana Tregi ni za maabara lakini mgonjwa unalala naye wewe.

La kwanza na linalonitisha kuliko yote ni dawa za kuongeza kinga. Mwanza hapa ukisema una mgonjwa wa damu, ndani ya wiki umeletewa mlonge, unga wa mizizi, kopo la vidonge vya mtandao vinavyouzwa kwa semina, yote yanaongeza kinga. Jamani. Mtu wa GVHD tatizo lake siyo kwamba kinga ni ndogo tu, ni kwamba kinga iliyopo haina wa kuituliza, na kuna mitishamba inagongana na dawa zake kwenye ini ambalo tayari linashambuliwa. Nilikuwa napokea, nashukuru, naweka kabatini, hakuna kilichofika mdomoni mwake. Kukataa kwa ukali kunavunja undugu na bado utawahitaji hao watu.

Steroidi zina mambo yake ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havitilii mkazo. Sisi ni watu wa ziwa. Kuna mnyoo mdogo unaoingia kwa ngozi kutoka udongoni, strongiloidi, unaweza kukaa tumboni miaka bila dalili, alafu mtu akianza prednisoloni ya dozi kubwa unazaana kupita kiasi unasambaa mwili mzima na unaua. Kichocho nacho kimejaa kandokando ya ziwa. Dokta wetu wa hapa alimpima na kumpa dawa za minyoo mapema, na alimkataza kabisa kuingia ziwani, hata kunawa miguu pale wanapofulia. Kifua kikuu kiliulizwa pia. Kama unaanzishiwa steroidi na unaishi Ukerewe au Sengerema au popote pwani ya ziwa, uliza kuhusu minyoo hiyo, uliza tu.

Na usisimamishe prednisoloni ghafla kwa sababu uso umevimba na watu wanamcheka. Inashushwa ngazi kwa ngazi. Mdogo wangu alitaka kuiacha kabla ya harusi ya rafiki yake ili apendeze kwenye picha, tulibishana mpaka usiku wa manane.

Jua ni adui wa ngozi ya GVHD, linaiamsha. Mwanza jua na maji ya ziwa vinaungana, kwaiyo kofia pana, mikono mirefu, na kutembea asubuhi na jioni. Macho ni matone ya machozi bandia mara nyingi kwa siku, kabla hayajakauka siyo baada. Mdomo, mswaki laini, hakuna ndimu hakuna pilipili, uji na mchuzi wa sato uliopoa. Vidole nilimnyoosha kila jioni na mafuta kwa sababu mtaalam wa mazoezi alituambia ngozi ikishakaza kabisa kurudi ni kazi. Kifua ndo hakionekani, GVHD ikiingia mapafuni inaziba vijinjia vidogo kidogo kidogo, na mtu anadhani ni uchovu, mpaka siku anashindwa kupanda ngazi. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinaonyesha mapema kabla hata hajakohoa. Chanjo zake zote za utotoni zilifutika na uloto wa zamani, inabidi zirudiwe kwa mpangilio wa dokta, na zile za virusi hai zinasubiri hadi dawa za kushusha kinga ziishe.

Nimekuwa naandika kila kitu kwenye daftari, ngozi leo ikoje, choo mara ngapi, dozi imebadilishwa lini. Kuna hospitali tuliyowahi kukimbilia usiku, siyo Bugando, kijana wa zamu alikuwa hajawahi kusikia GVHD akataka kumpa dawa ya upele, sikumlaumu, nilimfungulia daftari na namba ya dokta, akapiga simu, akaelekezwa. Lile daftari limefanya kazi kuliko mimi.

Mdogo wangu leo yupo dozi ndogo. Ngumi inafunga karibu yote. Ameanza kukaa dukani Mlango Mmoja nusu siku. Lukemia haijarudi, na kila wakipima wanasema damu yote ni ya kwangu, seli zangu bado zimo zinalinda. Siku hizi akiumwa mdomo ananiambia "dada waambie wazee wako waongee na vijana", na mi namwambia nitawaambia.

Lakini sijamaliza. Utafiti uliofanyika Bugando na vituo vya Kanda ya Ziwa kwa kupima watoto wachanga, uliochapishwa 2018, ulionyesha karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu (sikoseli), na kama mmoja katika kila mia anao ugonjwa wenyewe. Benjamin Mkapa pale Dodoma wameanza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu tangu 2023, hapa hapa nchini, na hilo ni jambo la kutufanya tusimame wima. Ila kwa selimundu GVHD haina faida hata moja. Hakuna saratani ya kuwindwa. Mtoto wa selimundu akipata GVHD ameumia bure, kwaiyo kwake utulizaji ndo kila kitu, na naona siku tiba ya Tregi ikishuka bei ikafika Afrika, watoto wa Kanda ya Ziwa wanatakiwa wawe mstari wa mbele, siyo wa mwisho.

Na imeingia kwetu. Mjukuu wa baba mdogo ana selimundu, amelazwa kwa maumivu mara nyingi mno kwa umri wake, na wameanza kuongelea kumpeleka Dodoma apimwe HLA na ndugu zake. Baba mdogo alinipigia mwenyewe. Akanitaka niende nao, kwa sababu, alisema, wewe unajua cha kuuliza. Kwaiyo nimeshaandika ukurasa mpya kwenye daftari. Uloto utavutwa kwenye mfupa au kwa mashine. Mtoaji ni dada au kaka, na kama ni dada ameshazaa. Dawa gani ya kuzuia GVHD, kwa muda gani, na inazifanyia nini Tregi. Minyoo na kichocho vitapimwa lini. Na akirudi Usagara ngozi ikaanza kuwasha usiku wa Jumamosi, tunampigia nani.